Mpaka Ndani ya Boneti

Mume wangu Kahiga aliposema Mungu amemwonyesha kwamba atakuwa mwakilishi wa wadi, mimi nilikuwa natafuta injini. Naomba hilo lieleweke mapema, maana baadaye watu wa mtaa wetu wa Bulla Pesa walisimulia habari hii kana kwamba gari ni lake, injini ni yake, na mimi nilikuwa abiria aliyeomba lifti. Gari ni langu. Nimelinunua kwa kabichi.

Ni Starlet, kale kagari kadogo ambako mlango wa nyuma hufunguka pamoja na kioo chake, ukasukuma magunia ndani mpaka kisogoni mwa dereva. Limezeeka, sikatai. Kiti cha nyuma nilikitoa zamani nikamuuzia kinyozi. Kila Jumapili na kila Jumatano nilikuwa napanda nalo Timau kuchukua kabichi, karoti na liki, kisha nateremka Isiolo likiwa limekaa chini kama kuku anayeatamia. Hoteli za mjini zilinitegemea. Zaidi ya hoteli, nilikuwa na shule moja ya bweni iliyonipa oda ya mboga za wiki nzima, na oda hiyo ndiyo iliyomfikisha binti yetu Kui chuoni.

Halafu injini ikafa. Ilikuwa imeanza kunywa oili kuliko petroli, ikafuka moshi mpaka watu wa Subuiga kule njiani wakawa wananitambua kwa harufu, na hatimaye ikakata roho mlimani nikiwa na viazi vya watu. Bahati nzuri shule zilikuwa zimefungwa. Lakini mpishi mkuu wa ile shule aliniita kando akaniambia ukweli.

"Mama Kui, mimi nakupenda," alisema. "Lakini shule ikifunguliwa hiyo Jumatatu na hakuna kabichi kwa geti asubuhi, nitaita Karwitha. Watoto hawakuli urafiki."

Karwitha ana pikapu. Sina ubaya naye. Nasema tu karoti zake ukizishika zinainama kukusalimia.

Injini niliipata njia ya kwenda Marsabit. Probox moja ya dizeli, ya juzi juzi tu, ilikuwa imegongwa nyuma na lori. Buti lilikunjwa likafika kwenye kiti cha mbele, lakini injini haikuwa na mkwaruzo. Zamu yangu ya kupokea pesa za chama cha akina mama ilikuwa imefika. Nikainunua pamoja na giaboksi yake, nikaipeleka kwa Mwirigi, fundi Mmeru mwenye gereji karibu na soko. Mwirigi aliizunguka, akaigonga gonga, akatabasamu.

"Mathe, hii ni dizeli ya kisasa," alisema. "Inakunywa kidogo na inavuta kama punda. Kwa hii Starlet itaingia. Nitakata hapa, nichomelee maunting mpya hapa za kushikilia injini, tuunganishe waya. Shule zikifunguliwa wewe uko Timau kitambo."

Nililala vizuri usiku huo. Na asubuhi yake ndipo Kahiga alipoamka na maono.

Sasa nimweleze Kahiga, nisije nikaonekana mke mbaya. Ni mtu mpole, ana duka la vifaa vya shule, hanywi, hapigi mtu. Ubaya wake ni mmoja: akisikia makofi, hata ya mtu anayeua mbu, yeye husimama kushukuru. Aligombea uenyekiti wa kwaya akashindwa. Akagombea wa wenye maduka akashindwa. Ndipo ugatuzi ukaja, na kila mwanamume mwenye koti akaona kwamba serikali imesogea karibu na mlango wake, kilichobaki ni kuifungulia.

Huku kwetu uchaguzi una mambo yake. Kura ni sherehe ya mwisho tu. Kabla yake wazee wa kila jamii hukaa, wakachinjiwa, wakagawana viti: hawa wachukue kiti hiki, wale kile, na wale waliobaki waahidiwe kukumbukwa. Wanaita maelewano. Sisi Wakikuyu wa Isiolo ni wachache, tumekuja na maduka yetu, na kwenye maelewano hayo huwa tunaletewa kiti cha plastiki tukae tusikilize. Kahiga alijua kwamba njia yake ni moja tu: awe rafiki wa kila mtu. Na alipoitazama injini yangu pale chini kwa Mwirigi, hakuona injini. Aliona wadi nzima.

"Mama Kui," aliniambia, "hii kazi ikifanywa na Mwirigi peke yake, watu watasema nini?"

"Watasema gari imetengenezwa."

"Watasema Kahiga ni wa Wameru. Wazee wanakaa Ngaremara hiyo Jumamosi kuchagua mtu wa maelewano. Wewe fikiria tukifika na gari ndogo, old, ambayo imewekwa injini na jamii zote za hii wadi! Wengine wanakuja na magari makubwa. Mimi nakuja na umoja."

Nilimwambia umoja haubebi kabichi. Lakini tayari alikuwa ameondoka kwenda kutafuta mafundi, na mimi nikawa na wateja kwenye meza yangu ya sokoni. Nikadhani ni upepo tu, utapita.

Haukupita. Kufikia jioni gari langu lilikuwa na kamati. Lobokat, fundi Mturukana anayechomelea mageti na mabomba ya moshi, alipewa ekzosi. Jirma, Mborana anayetengeneza redio na taa za magari, alipewa waya. Mwirigi akabakiziwa injini yenyewe na maunting zake, akanuna kama mtu ambaye shamba la baba yake linagawiwa wengine na yeye bado yumo ndani. Kahiga alikuwa mwenyekiti. Kikao kilifunguliwa kwa sala mbili, ya Kiislamu na ya Kikristo, kikafungwa kwa soda, na ajenda yake ilikuwa moja: nani anashika wapi.

Kwa sababu ndani ya boneti, jamani, ni pembamba. Mikono ya watu watatu haitoshei. Mwirigi alisema hataki mtu aguse kazi yake halafu gari likiharibika alaumiwe yeye. Lobokat akasema naye vivyo hivyo. Kahiga akafurahi sana, akachukua chaki, akachora mstari kwenye gari langu. Nusu ya mbele, kule kwenye rejeta, ilikuwa ya Mwirigi. Nusu ya nyuma, kuanzia katikati ya injini mpaka kule bomba linakoishia chini ya buti, ilikuwa ya Lobokat. Hakuna kuvuka bila idhini ya kamati.

"Na mimi?" aliuliza Jirma.

"Wewe una waya zote," alisema Kahiga.

"Sawa. Waya ni kama ngamia," alisema Jirma. "Zinapita kwa kila mtu. Mtu asizifunge."

Wakapeana mikono. Nilisimama pale na kikapu changu nikiwatazama wanaume wazima waliochora mpaka juu ya gari la mwanamke aliye mbele yao, na hakuna hata mmoja aliyenigeukia kuniuliza nasemaje. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto.

Mwirigi akaingiza injini. Ilikaa vizuri, kama ilivyokaa kwenye ile Probox. Tatizo likaonekana Lobokat alipofika na bomba lake begani. Mdomo wa moshi wa ile injini ulikuwa unatazama mbele, kwenye rejeta. Yaani ulikuwa upande wa Mwirigi.

"Nipishe nifunge," alisema Lobokat.

"Hapo si kwako," alisema Mwirigi. "Mstari uko wapi? Si uko hapo?"

"Sasa bila mdomo wa moshi mimi nimepewa nini? Nitembee na hii bomba kama fimbo?"

"Hiyo uulize kamati."

Nilisema wampishe tu, bomba lipite chini ya injini, liende zake nyuma. Ni kitu cha asubuhi moja. Mwirigi alinitazama kwa huruma.

"Mathe, hujui haya mambo," alisema. "Leo ni bomba. Kesho wanajenga hapo choo ya shule. Kesho kutwa unasikia hapa kumeandikwa jina ingine."

Kazi ikasimama. Kila mmoja alikuja asubuhi, akakaa upande wake wa gari, akalinda. Watu wakaanza kupita kuangalia. Kijiji cha wajuaji kikajaa pale, wa upande huu wakisema Lobokat ananyanyaswa, wa upande ule wakisema mstari ni mstari. Mtu mmoja aliapa kwamba babu yake alimwambia gereji ile zamani ilikuwa malisho. Karwitha naye alipita na pikapu, akapunguza mwendo, akanipungia mkono kwa upole ambao sikuupenda kabisa. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, nami nilikuwa napeleka mboga mahotelini kwa mkokoteni, nikifika liki zimelala na wenye hoteli wamekunja uso.

Siku ambayo Kahiga alitatua mzozo ule hamtamsikia akiacha kuisimulia. Aliitisha kikao, akanunua soda tena, akasimama akiwa amejaa hekima kuliko nguo zake.

"Ndugu zangu," alisema, "hatuwezi kusogeza mpaka. Mpaka ni mpaka. Lakini injini si ardhi. Injini inaweza kugeuka. Tukiigeuza, mdomo wa moshi utaangalia nyuma, kwa Lobokat. Mwirigi atabaki na mbele yake yote. Hakuna aliyepoteza hata inchi."

 Jirma akapiga makofi, kisha wote. Lobokat na Mwirigi wakakumbatiana. Mtu alilia, nami namjua, alikuwa mume wangu.

Wakaigeuza. Injini na giaboksi yake, kitu kizima, kilichokuwa kinatazama mbele kikatazama nyuma. Mwirigi ilibidi akate chuma cha upande wa pili na kuchomelea kingine. Jirma akaongeza urefu wa waya zake zote. Rejeta ikapata mabomba mapya. Na lazima niwape haki yao, kila mmoja alifanya kazi safi upande wake. Maunting hazikutikisika. Bomba la Lobokat lilipita chini limenyooka. Taa ziliwaka, hata ile ya ndani iliyokuwa imekufa tangu nilinunue. Wakawasha injini gari likiwa juu ya mawe, likanguruma taratibu, sauti nzito ya dizeli. Wakaingiza gia, na Lobokat aliyekuwa amechuchumaa akapiga kelele, "Inazunguka! Magurudumu inazunguka!" Wote wakashangilia. Katika watu wote waliokuwapo pale, hakuna aliyeuliza yanazunguka kuelekea wapi.

Ijumaa kukawa na uzinduzi. Gari lilikuwa halijatembea hata hatua moja lakini lilikuwa na hema, viti vya kukodi, kipaza sauti na kijana wa kukishika. Gari lilisukumwa likaegeshwa mbele ya hema ili watu waone buti na maandishi ambayo Kahiga alikuwa amebandika bila kuniuliza: UMOJA WETU, INJINI YETU. Mimi niliketishwa kando yake ndani ya gari, nimevaa kitenge, niwe mke wa mheshimiwa. Nilikubali kwa sababu moja tu. Nilikuwa nimepanga kwamba makofi yakiisha, nishike usukani, Jumapili niamkie Timau.

"Hili gari halina kabila!" Kahiga alinguruma kupitia dirishani. "Kama vile wadi yetu, leo linaenda mbele!"

Akaingiza gia ya kwanza, akaachia klachi. Gari likaruka kinyumenyume likaingia ndani ya hema.

Watu walikimbia na hakuna aliyeumia, ashukuriwe Mungu. Viti vilipasuka. Nguzo ya hema ilianguka, turubai likatufunika, na gizani humo nilisikia yule kijana wa kipaza sauti, ambaye alikuwa amelipwa kusifu na alikuwa mwaminifu kwa kazi yake, akisema, "Naam! Mheshimiwa anawarudia wananchi wake!"

Tulipofunuliwa, Kahiga alijaribu gia ya pili. Nyuma. Ya tatu, nyuma. Zote tano zilirudi nyuma. Akajaribu rivasi, na gari likatambaa mbele, polepole, likilalamika. Ndipo Mwirigi akashika kichwa. Ukigeuza injini na giaboksi nzima, alisema, basi kila kitu kinageuka. Gari lina gia tano za kurudi na moja ya kwenda.

"Basi irudisheni ilivyokuwa!" nilisema.

Hapo wote wakautazama ule mstari wa chaki. Kurudisha kulikuwa na maana moja: mdomo wa moshi urudi kwa Mwirigi.

"Moshi inatoka," alisema Lobokat taratibu. "Kuna mtu analalamika kuhusu moshi?"

"Taa zangu zinawaka," alisema Jirma. "Wallahi, hata honi."

"Maunting iko sawa," alisema Mwirigi. "Na tulikubaliana. Kamati ikikaa tena labda wiki ijayo."

Nilikaa kwenye jiwe nikalia mbele ya watu. Sikulilia hema. Nilikuwa naona mikono ya Karwitha ikishusha magunia kwenye geti la ile shule, na mimi nimesimama na mkokoteni. Nimeuza mboga tangu Kui akiwa mgongoni. Sijawahi kuomba kamati inibebee hata kitunguu. Kahiga alikuja akanishika bega, akaninong'oneza, "Usijali, Mama Kui. Ngaremara tutafika tu. Tutaenda kinyumenyume."

Na kweli tulienda. Jumamosi asubuhi nilikataa kubaki nyumbani, maana popote gari lilipokwenda nilitaka niwepo. Kahiga aliendesha shingo ikiwa imepinda nyuma, buti limetangulia, boneti linafuata. Barabara ya Moyale imenyooka na ni nzuri, ilikuwa tayari na lami, na kwa gia ya tatu tulikwenda kasi kiasi. Malori yaliyotufuata yalikuwa yanatutazama uso kwa uso, madereva wakitupungia wakidhani tumesahau kitu. Kwenye kizuizi afisa wa polisi aliliona buti likija. Alisubiri mpaka dirisha letu la dereva limfikie.

"Mzee, wewe unaenda ama unarudi?"

"Naenda Ngaremara, afande."

Alizunguka gari akitafuta kosa. Bima ilikuwapo, taa ziliwaka, honi ililia. Alikuna kichwa, akasema, "Endeni basi. Lakini pole pole, na mkifika mnipigie niamini."

Wazee walikuwa wamekaa kwenye darasa moja pale Ngaremara, kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Nje mbuzi alikuwa anachomwa. Mwenyekiti alikuwa Mzee Lomuria, Mturukana mwenye kofia ya manyoya na masikio mawili ya kusikia mambo anayotaka tu. Kahiga aliegesha mbele ya mlango, buti likachungulia ndani ya darasa.

"Huyu," alisema Mzee Lomuria, "mbona anaingia kama mtu anaondoka?"

Kahiga akasimulia. Aliwaeleza kuhusu chaki, mstari, mdomo wa moshi, na jinsi alivyogeuza injini badala ya kugeuza watu. Nikawatazama wale wazee nikitarajia wacheke. Hawakucheka. Waliinama mbele.

"Na hakuna mtu alipigana?" aliuliza mmoja.

"Hakuna, mzee."

"Hata ngumi moja?"

"Wamekumbatiana."

"Na gari inatembea?"

"Inatembea. Isipokuwa kuna upande mmoja inapendelea."

Wakanong'onezana. Mzee Lomuria akasimama akasema hajaona jambo kama lile tangu kaunti ianze. Fedha ngapi zimetumika kwenye mikutano ya mipaka, alisema, na hapa mtu mmoja amemaliza kwa soda. Gari hilo si la kufichwa nyumbani. Likae na kamati ya amani ya wadi, lizunguke, wiki hii kwa jamii hii, wiki ijayo kwa ile, watu walione. Akauliza, je, mgombea ana moyo wa kulitoa?

Makofi yakalipuka. Na Kahiga, mume wangu wa ndoa, akasimama kushukuru. Akatoa ufunguo mfukoni, akauweka kwenye dawati mbele ya Mzee Lomuria.

"Nalitoa," alisema. "Kwa wananchi."

Sikusikia kilichofuata vizuri. Nakumbuka walianza mara moja kujadili wiki ya kwanza iwe ya nani, na mmoja akasema jamii kubwa itangulie, na mwingine akauliza kubwa kwa kuhesabu watu au ng'ombe.  Nilitoka mlangoni nilikokuwa nimesimama, nikapita katikati ya madawati yote, nikachukua ufunguo.

"Mama, wapi?" aliuliza Mzee Lomuria.

"Timau. Kuchukua kabichi. Hii gari ni yangu, mzee. Nimeinunua mimi, injini nimenunua mimi, na huyu hajaniuliza."

Mzee Lomuria alimgeukia Kahiga. "Kweli?"

Kahiga akaanza kunyoosha tai.

"Wewe, hata mbuzi wa nyumba ya mke mimi sitoi kama sijamuuliza," alisema Mzee Lomuria. "Na mbuzi hana injini." Lakini hakuamua lolote, maana tayari mzee mwingine alikuwa amesimama kuuliza kama jambo la mali ya wake liingizwe kwenye ajenda, na wa tatu akapendekeza kamati ndogo. Niliwaacha wakitafuta katibu.

Niliwasha gari. Nikaingiza rivasi, likatambaa mbele. Sikutaka kuliua kwa kulikanyaga, kwa hivyo lilikwenda mwendo wa mtu anayewahi ibada. Kahiga alinikimbilia akanipata bila shida. Akawa anatembea kando ya dirisha, koti limefunguka, tai imeenda mgongoni.

"Mama Kui, simama. Unaniaibisha."

"Wewe umetoa gari yangu."

"Ningekurudishia! Nikishinda ningekununulia kubwa."

"Sikukuomba kubwa."

Akatembea. Nikaendesha. Wachungaji wa mbuzi kando ya barabara walitutazama kwa heshima, kama watu wanaotazama msafara wa kiongozi. Akaniahidi niwe mweka hazina wa kampeni. Nikafunga kioo. Akaongea kupitia kioo, nikaona tu mdomo ukienda. Baadaye mdomo ukanyamaza, akawa anatembea tu, anahema, jasho linampita machoni, na huruma ikanishika kwa nguvu ambayo sikuitaka. Nampenda yule mwanamume. Hilo ndilo linalonichosha. Nikafungua mlango wa abiria bila kusimama, akaruka ndani.

Tukatambaa hivyo mpaka mjini.

Jumapili watu wakienda kanisani, sisi tulianza kupanda. Niliendesha mimi, na rivasi yangu. Gia hiyo ni fupi, ina nguvu, na ile dizeli haikudai kitu ila subira; ilivuta kama Mwirigi alivyosema. Injini ilipopata joto tuliegesha, Kahiga akashuka kuweka jiwe chini ya gurudumu na kumwagia rejeta maji, bila kuambiwa. Magari yalitupita yakipiga honi. Simu yake ililia, akasikiliza, akasema wazee hawajaamua mgombea, wameunda kamati ndogo, itakaa. Kisha akaizima, na huo nilihesabu kuwa muujiza wa siku hiyo. Timau tulipakia magunia mpaka kwenye paa. Kiti cha abiria nilikijaza liki, kwa hivyo mgombea alirudi Isiolo amekunjwa kwenye buti, kati ya kabichi na kioo, akiiangalia barabara ikibaki nyuma. Mteremkoni niliikanyaga breki mpaka mguu ukafa ganzi.

Jumatatu kulipopambazuka tulikuwa kwenye geti la ile shule. Karwitha alikuwa ameegesha ng'ambo, pikapu imejaa, anasubiri kuitwa. Mpishi mkuu alitoka na kikombe cha chai, akafunua gunia la juu, akabonyeza kabichi moja. Ililia kwa ubichi.  Alinyoosha mkono kuelekea jikoni, na ng'ambo nikasikia pikapu ikiwashwa na kuondoka. Moyo wangu ulitulia mahali pake, nikageuka kumwambia mtu, na mtu aliyekuwapo alikuwa Kahiga, amesimama na gunia mgongoni kwenye lile koti lake la mikutano, majani ya liki yamemng'ang'ania kwenye tai.

Alipeleka gunia. Akarudi, akachukua la pili. Lilipofika la mwisho alisimama mbele yangu, akalishusha chini, akafuta uso.

"Mama Kui," alisema, na sauti yake haikuwa ya kipaza sauti. "Nikuulize kitu. Wazee wakinipitisha... wewe, kura yako utanipa?"

Nilimtazama. Nilitaka kucheka, nilitaka pia kumfunga ile tai vizuri.

"Kura ni siri," nilimwambia. "Beba kabichi."